Mstari Mmoja wa Doxygen Tunaouruka

Ukifungua faili ya mipangilio ya Doxygen utakuta GENERATE_XML = NO. Wengi tunaupita mstari huo. Mimi niliupita, nikajuta.

Dimitri van Heesch wa Uholanzi alitoa Doxygen mwaka 1997. Inasoma maelezo yaliyoandikwa ndani ya msimbo wa C++ na kutengeneza kurasa za HTML au kitabu cha LaTeX. Hizo ni za macho ya binadamu. Nilipohitaji orodha ya fankshoni zote, niliandika skripti ya kuchambua HTML. Toleo jipya la Doxygen likabadilisha sura ya kurasa, skripti ikafa. Kazi bure!

Kumbe jibu lilikuwepo. W3C ilipitisha XML 1.0 mwaka 1998, na baadaye Doxygen ikaanza kutoa XML pia. Faili ya index.xml huorodhesha vyote, kila klasi ina faili yake, na kila fankshoni imo ndani ya memberdef: jina, aina, vigezo, maelezo. Hakuna rangi wala menyu.

Sphinx ilipotoka mwaka 2008 kwa nyaraka za Python, haikuweza kuchota maelezo kutoka msimbo wa C++. Breathe ikajenga daraja: inasoma XML ya Doxygen na kuipa Sphinx. Kazi ngumu ya kuchambua C++ haikurudiwa.

Ndio maana nasema sura huchakaa, lakini data iliyopangwa vizuri huwafaa hata watu ambao hukuwawazia. Andika YES, ndugu. Tuonane tena.