Vibarua Waliokataa Kuchimba Msingi

Vikundi vya mazingira vinavyoanzishwa siku hizi maofisini na viwandani kwa kawaida huanza na mambo madogo: kuzima taa, kupunguza karatasi, kuacha chupa za plastiki. Ni mambo mema, na anayeyaanzisha apongezwe. Lakini historia inaonyesha kwamba wafanyakazi waliobadili sura ya mji mzima walianzia kwingine. Waliuliza kazi wanayoifanya kwa mikono yao inamfaa nani na inaharibu nini, kisha wakawa tayari kuikataa. Ushahidi ulio wazi zaidi uko Sydney, Australia, kati ya 1971 na 1974, na walioutoa si wataalamu wa misitu. Walikuwa vibarua wa mjengo: wachimba misingi, wamwaga zege, wabomoaji na wafunga majukwaa.

Kelly's Bush kilikuwa kipande cha msitu wa asili kando ya mto Parramatta, katika Hunters Hill, mtaa wa watu wenye nafasi zao. Kampuni ya A.V. Jennings ilitaka kujenga nyumba za kifahari hapo. Wanawake 13 wa mtaa huo walihangaika kwa viongozi wa serikali wasipate msaada, na mwaka 1971 wakabisha hodi kwa chama cha vibarua wa ujenzi cha jimbo la New South Wales, ambacho katibu wake alikuwa Jack Mundey. Chama hakikukubali papo hapo. Kiliwataka kwanza waitishe mkutano wa hadhara ili ijulikane kama kweli wakazi ndivyo wanavyotaka, na watu wapatao 600 walihudhuria. Baadaye kampuni ilipotishia kuleta vibarua wasio wanachama, wafanyakazi wa kampuni hiyohiyo waliokuwa wakijenga jengo moja la ghorofa North Sydney walitoa tamko: mti mmoja tu ukiangushwa Kelly's Bush, jengo lile lililofika nusu litabaki gofu milele. Miti haikuguswa.

Watu wa kipato cha chini waliwezaje kusimamisha kampuni ambayo viongozi wa serikali hawakuigusa? Sababu ya kwanza ni nafasi yao katika mpangilio wa kazi. Jengo la zamani lisipobomolewa, msingi usipochimbwa na zege lisipomwagwa, fundi umeme na seremala hawana pa kuanzia. Sababu ya pili, ambayo kwangu ndiyo nzito zaidi, ni kwamba chama kilikuwa kimekwisha kuaminika kwa wanachama wake kabla ya kuutetea mti hata mmoja. Kilikuwa kimepigania usalama wa walio juu ya majukwaa, vyoo vinavyofaa, mahali pa kunawa na kubadilishia nguo, na mwaka 1970 kiliongoza mgomo wa wiki tano kudai ujira bora. Viongozi walilipwa kama kibarua wa kawaida, hawakupokea mshahara wakati wa mgomo, na muda wao wa uongozi ulikuwa na kikomo. Mundey mwenyewe aliachia ukatibu mwaka 1973 akarudi kwenye mjengo. Ni vigumu kumwomba mtu aijali hewa ya mji ilhali kifua chake kinajaa vumbi la saruji na hakuna anayejali. Pale Sydney, anayeombwa kuacha ujira wa siku alijua kwamba anayemwomba anaubeba mzigo uleule.

Wapo wanaosema kwamba ni rahisi kukataa kazi pale kazi zinapokuwa tele. Hoja hii ina ukweli. Miaka ile Sydney ilikuwa imejaa winchi, na kibarua aliyeacha eneo moja aliweza kupata jingine. Ujenzi ulipodorora baada ya 1974, mambo yalikuwa magumu zaidi. Hata hivyo vibarua hawa hawakupinga ujenzi. Walitaka wajenge hospitali, shule na nyumba ambazo watu wa kawaida wangezimudu, badala ya kuongeza maghorofa ya ofisi wakati mji ulikuwa nayo mengi kuliko mahitaji. Marufuku zao, yaani maamuzi ya kutofanya kazi mahali fulani, zilikuwa zaidi ya 40 na zilisimamisha miradi yenye thamani ya zaidi ya dola za Australia bilioni 3, lakini kila moja iliamuliwa peke yake.

Pingamizi jingine ni kwamba walitumiwa na matajiri wa Hunters Hill wanaolinda mandhari yao. Kelly's Bush ingekuwa mwisho wa habari, ningekubali. Lakini marufuku zilifika The Rocks, kitongoji kongwe cha bandarini ambako familia za wafanyakazi zilikuwa zihamishwe kupisha minara, na mwaka 1973 polisi walimbeba Mundey mzobemzobe kutoka kwenye maandamano huko. Zilifika Woolloomooloo, ambako hatimaye serikali ilikubali kujenga nyumba za umma. Ziliokoa pia mitini mikubwa karibu na Bustani ya Mimea, ambayo mizizi yake ingeharibiwa ili watazamaji wa Jumba la Opera wapate maegesho ya magari. Wapo pia wanaodai kwamba harakati hizi zilikuwa mambo ya wakomunisti tu; Mundey alikuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti na hakuficha. Ila kanuni ilikuwa ileile: wakazi wasipoomba, hakuna marufuku.

Harakati hizi zilizimwa kutoka ndani. Uongozi wa taifa wa chama hichohicho, chini ya Norm Gallagher, uliliteka tawi la New South Wales mwaka 1975, waajiri wakiunga mkono, na viongozi wake wakafukuzwa uanachama. Mwaka huohuo Juanita Nielsen, mchapishaji wa gazeti la mtaa aliyepinga bomoabomoa ya nyumba za barabara ya Victoria Street huko Sydney, alitoweka na mwili wake haujapatikana hadi leo. Ni gharama kubwa mno, na anayesimulia ushindi bila kuitaja anawadhulumu walioilipa. Lakini jimbo lilipitisha sheria ya kulinda urithi mwaka 1977, na mwaka 1979 sheria ya mipango na mazingira iliyompa mtu yeyote, hata asiye na kiwanja jirani, haki ya kwenda mahakamani kuhusu ujenzi unaoivunja.