Kumvisha upya askari wa 1914: kaki, mdaa na picha zinazodanganya

Fungua programu ya kutengenezea kurasa za intaneti uiambie ipake rangi iitwayo "khaki". Itakupa nyekundu 240, kijani 230, bluu 140, yaani njano iliyopauka kama siagi. Mvishe askari wa King's African Rifles rangi hiyo na atafanana na mpishi wa hoteli aliyemwagikiwa kastadi. Kwa hiyo somo la kwanza, wewe unayetaka kubadilisha sare za wanajeshi kwenye mchezo wa vita wa kompyuta, ni kwamba kompyuta haijui kaki ni nini.

Upande wa ufundi kwanza, maana ni mwepesi. Mwanajeshi wa kwenye mchezo ni umbo tupu lililoundwa kwa pembetatu. Juu yake imebandikwa picha bapa inayoitwa tekscha, mara nyingi ya pikseli 1024 kwa 1024. Ukiifungua picha hiyo kwenye GIMP, ambayo ni ya bure, utaona kitu kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa: mkono huku, kifua kule, uso umetandazwa hadi unatisha. Ramani ya UV ndiyo inayosema kila kipande kinabandikwa wapi. Hifadhi nakala ya faili la asili kabla hujagusa chochote. Kisha paka rangi kwenye tabaka jipya, ukiliacha la chini lenye mikunjo na vivuli jinsi lilivyo. Hifadhi kwa jina lilelile na ukubwa uleule, halafu uwashe mchezo. Usipoteze usiku mzima kuchora vifungo, kwa sababu mwanajeshi akiwa mbali mchezo hutumia nakala ndogo za picha hiyo (512, 256, 128) na vifungo vyote humezwa.

Kazi yenyewe inaanza unapouliza: rangi gani? Tuchukue vita vya 1914 hadi 1918 hapa kwetu.

Utakimbilia picha za zamani, na zipo nyingi. Walther Dobbertin alipiga picha nyingi za Afrika Mashariki ya Kijerumani, na sehemu yake inaonekana leo kupitia hifadhi ya Bundesarchiv. Lakini shika breki kidogo. Vioo vya kupigia picha vya enzi zile, kwa sehemu kubwa, viliitikia mwanga wa bluu na wa kijani, ila wa nyekundu havikuuona kabisa. Matokeo yake ni kwamba anga la bluu linatoka jeupe pe, na kitu chekundu kinatoka cheusi. Askari wa Schutztruppe mwenye cheo alivaa mistari myekundu yenye umbo la V kwenye mkono wa kushoto. Pichani utadhani ni myeusi. Vitambaa vya bluu walivyozungushia miundi hutoka vyepesi kuliko vilivyokuwa.

Sasa fikiria ngozi. Ngozi ya kahawia huakisi nyekundu zaidi kuliko bluu, na nyekundu ndiyo ambayo kioo hakikuiona. Askari aliyekuwa na rangi ya maji ya kunde akatoka pichani kama mkaa, sura haisomeki. Ukichukua kipima-rangi cha programu yako ukabofya shavu lake, unaurithi upofu wa kioo cha kemikali na kuuweka kwenye uso wa mtu. Hili ninalipigia kelele kwa sababu nimeona tekscha nyingi za askari wa Kiafrika ambazo ni weusi mmoja uliomwagwa usoni, wakati Mzungu aliye pembeni yake ana mashavu, pua na makunyanzi.

Huwezi kurudi kutoka kijivu kimoja hadi rangi kamili kwa hesabu tu, kwa kuwa una namba moja na unatafuta tatu. Unahitaji ushahidi wa nje: nguo zilizobaki makumbusho, kanuni za sare zilizoandikwa, na historia ya kitambaa chenyewe.

Historia hiyo inafurahisha. Neno kaki lina asili ya Kiajemi, likapitia Kiurdu, na maana yake ni "-a vumbi". Kikosi cha Corps of Guides, kilichoundwa na Harry Lumsden huko Peshawar mwaka 1846, ndicho kinachotajwa kuanza kuivaa. Tatizo lilikuwa kwamba rangi za mimea zilipauka kila zikifuliwa, kila nguo kivyake. Mwaka 1884 Frederick Gatty wa Lancashire alisajili hataza ya kaki ya madini, yenye oksidi za chuma na kromiamu, ambayo haikuchuja kirahisi.

Wajerumani wa huku, baada ya meli za Waingereza kuziba bahari, hawakuwa na kitambaa cha kutosha wala rangi ya kiwandani. Paul von Lettow-Vorbeck anaeleza kwenye kumbukumbu zake kwamba pamba ilisokotwa na kufumwa hapahapa, na majaribio ya rangi yaliyofaulu zaidi yalitumia mzizi aliouandika "Ndaa": ulitoa kahawia-njano isiyoonekana kirahisi nyasini. Wasusi wa mikeka wa pwani watautambua mara moja. Ni mdaa, wanaotilia rangi ukili. Kwa hiyo askari wa Tanga, Novemba 1914, na askari wa 1916 hawawezi kutumia tekscha moja. Baada ya Ngomano, 25 Novemba 1917, waliponyakua ghala la Wareno, wengine walivaa na kubeba vya Wareno. Tengeneza tekscha tano au sita kwa kikosi kimoja, kila moja imepauka kivyake, mchezo uzichanganye. Usawa wa rangi hapo ndio kosa.

Kuna mahali tekscha inagota. Askari wengi wa KAR mwanzoni mwa vita walitembea pekupeku au kwa kandambili za ngozi. Umbo la mchezo lina buti. Unaweza kuchora vidole juu ya buti, nimejaribu, na matokeo ni mtu mwenye miguu ya tembo.

Na mpagazi je? Upande wa Waingereza peke yake waliandikishwa mamia ya maelfu, na waliokufa, wengi kwa kuhara na malaria, wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu. Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina la kikosi chao. Hakuwa na sare ya kurekebisha: blanketi, kibati chenye namba, mzigo kichwani. Kwenye michezo niliyofungua mimi hakuna faili lake la kubadilisha, kwa hiyo kwake itabidi ujifunze kuunda umbo, na hiyo ni programu nyingine. Anza na Blender, nayo ni ya bure.