Elimu ya mipango miji nchini Tanzania

Elimu ya mipango miji nchini Tanzania ni mafunzo ya chuo yanayowaandaa wataalamu wa kupanga matumizi ya ardhi katika miji, na pia katika vijiji vinavyoelekea kuwa miji. Mafunzo hayo hutolewa katika ngazi za astashahada, stashahada, shahada ya kwanza na shahada za juu. Chuo kinachojulikana zaidi kwa fani hiyo ni Chuo Kikuu Ardhi kilichopo Dar es Salaam.

Fani hiyo inakwenda sambamba na upimaji wa ardhi, uthamini, ubunifu wa majengo na usimamizi wa ujenzi, ingawa kila moja ina masomo yake na utaratibu wake wa usajili.

Umuhimu wake umeongezeka kutokana na kasi ya ukuaji wa miji. Katika sensa ya mwaka 1967 wakazi wa mijini walikuwa takriban asilimia 6 ya Watanzania wote. Katika sensa ya mwaka 2022 walikaribia asilimia 35 ya watu 61,741,120. Ukuaji huo hauko katika majiji tu, bali pia katika makao makuu ya wilaya na vituo vya kando ya barabara. Mfano ni mji wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa katika Mkoa wa Ruvuma, ambako barabara na bandari zinabadilisha thamani ya ardhi iliyokuwa mashamba na vijiji vya wavuvi.

Historia

Wakati wa ukoloni wa Kiingereza kazi ya kupanga miji ilifanywa na wataalamu kutoka nje. Mpango kabambe wa kwanza wa Dar es Salaam ulitolewa mwaka 1949, na sheria ya mipango miji na vijiji ilitungwa mwaka 1956 kwa kufuata mfano wa Uingereza. Hata baada ya uhuru mwaka 1961, mipango kabambe ya Dar es Salaam ya miaka 1968 na 1979 iliandaliwa na kampuni za Kanada.

Chuo Kikuu Ardhi kina asili yake katika shule ya upimaji ardhi iliyoanzishwa mwaka 1956 huko Mgulani, Dar es Salaam. Mwaka 1958 shule ilihamia eneo lake la sasa, karibu na mahali ambapo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilijengwa baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 masomo ya mipango ya miji na vijiji yaliongezwa, pamoja na usimamizi wa ardhi na uthamini, na chuo kikajulikana kama Chuo cha Ardhi. Mwaka 1996 kilifanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kamili.

Mwaka huohuo wa 2007 sheria ya mwaka 1956 ilifutwa na nafasi yake kuchukuliwa na Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007. Sheria nyingine ya mwaka huo iliweka utaratibu wa kuwasajili wataalamu wa mipango miji.

Nje ya Dar es Salaam, Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini kilichopo Dodoma kinafundisha fani za mipango. Vyuo vya ardhi vya Tabora na Morogoro vinatoa astashahada na stashahada katika fani za ardhi.

Kujiunga na shahada

Mwombaji anayetoka kidato cha sita anatakiwa kuwa na ufaulu mkuu katika masomo yasiyopungua mawili, pamoja na masharti maalumu ya kila programu. Masharti hayo huchapishwa kila mwaka katika kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Jiografia, hisabati, uchumi na fizikia ni kati ya masomo yanayomfaa mwombaji. Kwa sababu hiyo wengi hutoka katika tahasusi za PGM (fizikia, jiografia na hisabati) na EGM (uchumi, jiografia na hisabati). Njia nyingine ni stashahada ya fani inayohusiana, ambayo humwezesha fundi sanifu kurudi chuoni baada ya miaka ya kazi.

Maombi hupelekwa moja kwa moja chuoni kwa njia ya mtandao. Maombi ya mkopo hupelekwa kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo inaweza kugharimia chakula na malazi, ada, vitabu, mahitaji maalumu ya kitivo na mafunzo kwa vitendo. Kipengele cha mahitaji maalumu kina uzito katika fani hii, kwa kuwa mwanafunzi anahitaji vifaa vya kuchorea, karatasi kubwa, kompyuta na gharama za kuchapa ramani.

Kwa kijana wa Mbinga au Mbamba Bay, kuanza shahada hiyo kwa kawaida kunamaanisha kuhama. Safari ya barabara kutoka Mbinga hadi Dar es Salaam inazidi kilomita 1,000, kupitia Songea, Makambako, Iringa na Morogoro.

Masomo

Shahada ya kwanza ya mipango ya miji na mikoa katika Chuo Kikuu Ardhi huchukua miaka minne, wakati ile ya ubunifu wa majengo huchukua mitano. Mwaka wa kwanza unalenga misingi: kusoma na kuchora ramani, historia na nadharia ya mipango, takwimu, na jinsi watu wanavyotumia ardhi.

Kiini cha masomo ni studio, yaani karakana ya kuchora na kujadili. Wanafunzi hupewa eneo halisi, hulitembelea, huhesabu nyumba, huhoji wakazi, hupima njia na mitaro, kisha hurudi kuchora mpango na kuutetea mbele ya walimu. Kazi nyingi hufanywa kwa vikundi. Baadaye huongezwa sheria za ardhi, mazingira, usafiri, makazi na mifumo ya taarifa za kijiografia. Wakati wa mafunzo kwa vitendo wanafunzi hupelekwa katika halmashauri, wizara na kampuni binafsi.

Jambo ambalo mwanafunzi hujifunza mapema ni kwamba mchoro wa mipango miji si picha ya mji mzuri tu. Ukiidhinishwa, unaamua ni wapi pataruhusiwa nyumba, soko, shule, barabara au makaburi. Baada ya mchoro hufuata upimaji na kuwekwa kwa bikoni, halafu umilikishaji wa viwanja, na mwisho kibali cha ujenzi. Ujenzi ukitangulia mchoro, kila hatua inayofuata huwa ya gharama kubwa zaidi, kwa sababu barabara haiwezi kupita bila kubomoa nyumba ya mtu.

Uhusiano na usimamizi wa ujenzi

Waombaji wengi huchanganya mipango miji na usimamizi wa ujenzi. Mpanga miji anaamua matumizi ya eneo na uhusiano wake na maeneo jirani. Mbunifu majengo anachora jengo. Mkadiriaji majenzi anakokotoa vifaa na gharama. Mhandisi anahakikisha uimara, na msimamizi wa ujenzi anaratibu mafundi, muda, fedha na usalama wa kazi. Chuo Kikuu Ardhi hufundisha uchumi na usimamizi wa majenzi katika skuli moja na ubunifu wa majengo, tofauti na ile ya mipango.

Usajili nao ni tofauti. Wahandisi, makandarasi na wataalamu wa mipango miji wana bodi zao, na wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi wana bodi ya pamoja. Makandarasi wa majengo hupangwa katika madaraja saba, la kwanza likiwa la miradi mikubwa zaidi. Hata hivyo katika wilaya nyingi madarasa na zahanati hujengwa na mafundi wa kawaida chini ya usimamizi wa halmashauri na kamati za wananchi, hivyo mtaalamu mmoja wa wilaya hujikuta akihitaji kuelewa fani zote hizo kwa kiasi.

Mfano wa Mbinga na mwambao wa Nyasa

Mji wa Mbinga uko katika nyanda za juu za Umatengo, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Wamatengo wanajulikana kwa kilimo cha kahawa na kwa ngoro, mfumo wa mashimo yaliyozungukwa na matuta ambao huzuia maji ya mvua kuporomosha udongo kwenye miteremko mikali. Upande wa magharibi ardhi inashuka hadi Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko chini kidogo ya mita 500. Wilaya ya Nyasa, yenye makao makuu Mbamba Bay, ilimegwa kutoka Wilaya ya Mbinga mwaka 2012. Vituo vingine vya mwambao ni Lituhi, Ndumbi na Liuli.

Katika eneo hilo yanaonekana karibu masuala yote ambayo mwanafunzi wa mipango miji hukutana nayo darasani.

Mteremko. Barabara ya mtaa inayochorwa kushuka mlima moja kwa moja hugeuka mfereji wakati wa masika. Barabara inayofuata mzunguko wa mlima ni ndefu zaidi, lakini haiharibiki upesi. Kanuni hiyo ni ileile inayofanya ngoro ifanye kazi: maji yazuiwe juu kabla hayajapata nguvu chini.

Barabara kuu. Lami kutoka Songea ilifika Mbinga katika miaka ya 2010, na kipande cha takriban kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay kilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 2020. Ni sehemu ya ushoroba wa Mtwara unaounganisha Bahari ya Hindi na Ziwa Nyasa. Machimbo ya makaa ya mawe ya Ngaka yameongeza malori makubwa katika barabara za mkoa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na za mkoa. Duka linalojengwa ndani ya hifadhi hiyo, hata kama linapata wateja wengi, linaweza kubomolewa bila fidia.

Ufuko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Kwa Ziwa Nyasa kuna sababu ya ziada, kwani kina chake hubadilika sana kwa miaka. Kati ya 1915 na 1935 kilishuka hadi Mto Shire, ambao ndio pekee unaotoa maji ziwani, ukaacha kuyapokea. Mnamo 1979 na 1980 kilipanda juu sana. Kwa hiyo mstari wa maji unaoonekana leo hautoshi kuwa kipimo cha mahali salama pa kujenga. Wakati huohuo wavuvi wanahitaji mialo na mahali pa kuanikia dagaa karibu na maji, na mpango usiowatengea nafasi hiyo huvunjwa tangu siku ya kwanza.

Ardhi ya kijiji. Sehemu kubwa ya ardhi inayozunguka miji hiyo inasimamiwa na halmashauri za vijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na wenyeji wanaimiliki kimila, wenye hati na wasio na hati. Eneo likitangazwa kuwa la mipango miji, shamba la ukoo linaweza kukatwa kuwa viwanja. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na itolewe kwa wakati, ikijumuisha thamani ya ardhi, mazao na posho ya usumbufu. Panapokosekana fidia, wenye ardhi huuza vipande wenyewe kabla ya mpango kukamilika, na mji hukua bila njia wala maeneo ya huduma.

Usajili na ajira

Mhitimu hawi mtaalamu aliyesajiliwa kwa kupata shahada peke yake. Anahitaji kwanza kupata uzoefu wa kazi na kutimiza masharti ya bodi. Waajiri wakuu ni wizara yenye dhamana ya ardhi, halmashauri, mashirika ya umma na kampuni binafsi za upangaji na upimaji. Kampuni hizo zimeongezeka kutokana na kazi ya urasimishaji, yaani kupanga na kupima makazi yaliyokwisha kujengwa, ambayo wananchi huchangia gharama zake. Mhitimu mwenye mkopo aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe.

Changamoto

Kulingana na makadirio yanayotajwa mara nyingi, zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wa Dar es Salaam wanaishi katika makazi yasiyopangwa. Kuyarekebisha makazi hayo ni kazi ngumu, kwa kuwa karibu kila uchochoro unapakana na ukuta wa nyumba.

Miji midogo kama Mbinga na Mbamba Bay ina nafasi ambayo Dar es Salaam imekwisha kuipoteza: bado kuna ardhi ambayo njia, masoko na viwanja vya shule vinaweza kutengwa kabla nyumba hazijajengwa. Lakini vyuo vya fani hiyo viko mbali, na nafasi nyingi za kazi ziko katika majiji. Mtaalamu akifika baada ya nyumba, kazi yake hubaki kurasimisha yaliyopo.

Tazama pia

Chuo Kikuu Ardhi
Wilaya ya Mbinga
Wilaya ya Nyasa
Mbamba Bay
Ziwa Nyasa
Wamatengo