Urithi wa Jadi katika Mchezo wa Video: Historia ya Studio ya Kiro'o

Utangulizi

Michezo ni sehemu ya utamaduni wa kila taifa. Mtoto hucheza kabla hajajua kusoma, na katika kucheza hujifunza kuhesabu, kungoja zamu yake, kushinda bila majivuno na kushindwa bila kinyongo. Wazee wetu walilifahamu jambo hili. Ubao wa bao, wenye mashimo 32 na kete 64, ulikuwa shule ya hesabu na ya subira barazani, na hakuna aliyehitaji kuandikishwa ili asome hapo. Kule Kameruni, watu wa jamii za Beti na Fang wana songo, ambao ni ndugu wa bao, wenye safu mbili za mashimo saba saba. Watu hao hao wana mvet, yaani tenzi ndefu za mashujaa zinazosimuliwa kwa ala ya nyuzi yenye jina hilo hilo.

Siku hizi vijana wengi huchezea mbele ya kioo cha kompyuta au cha simu. Tusidanganyike tukadhani kwamba mchezo wa namna hii ni mashine tu. Mchezo wa video una mtunzi, kama utenzi ulivyo na mtunzi. Mtunzi huyo ndiye anayeamua shujaa ni nani na adui ni nani, miji ifananeje, watu wavae nini, na jambo gani lihesabiwe kuwa ushindi. Kijana anayeucheza kila jioni huyapokea yote hayo, ajue asijue. Kwa hiyo ni haki yetu kuuliza: mtunzi huyo ametoka wapi? Katika makala haya tutaeleza habari za studio moja ya Kiafrika, Kiro'o Games ya mjini Yaoundé, Kameruni, iliyojaribu kulijibu swali hilo kwa vitendo.

Ufundi huu ulikotoka

Ni vema kwanza tutazame ulikoanzia ufundi wenyewe. Kampuni ya Nintendo ya Japani ilianzishwa mjini Kyoto mwaka 1889, na kazi yake ilikuwa kutengeneza karata za jadi za Kijapani zenye picha za maua. Ilipoingia katika michezo ya video, katika miaka ya 1970, ilikuwa imekwisha kuishi na michezo ya watu wake kwa muda unaokaribia karne nzima. Huko Marekani, kampuni ya Atari ilianzishwa mwaka 1972, na mwaka huo huo ikatoa Pong, mchezo uliofuata mfano wa tenisi ya meza. Basi katika nchi zote mbili kitu kipya kilipandikizwa juu ya shina la zamani.

Lakini nchi hizo zilikuwa na mambo mengine pia: viwanda, mitaji, umeme usiokatika, na wanunuzi wenye fedha mifukoni. Hata hivyo biashara yenyewe haikuwa salama. Mwaka 1983 soko la michezo ya video la Marekani liliporomoka, na kampuni nyingi zikafilisika. Ikiwa wenye nyenzo zote walianguka, tunaweza kukadiria ugumu uliowangojea wale walioanza bila nyenzo.

Katika bara letu watangulizi hawakukosekana. Mwaka 2007 Wesley Kirinya wa Kenya alitoa mchezo ulioitwa The Adventures of Nyangi, na mwaka 2009 yeye pamoja na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha studio ya Leti Arts. Kiro'o ilikuja baada yao, lakini ilijitwika mzigo wa aina yake: kutunga hadithi ndefu ya mashujaa yenye ulimwengu wake kamili, uliojengwa kwa fikra, mavazi na desturi za Afrika.

Kuzaliwa kwa Kiro'o

Mwanzilishi wa studio hii ni Guillaume Olivier Madiba. Mwaka 2003, angali kijana wa masomo, alianza kutengeneza jaribio la kwanza la mchezo aliouita Aurion, akitumia programu nyepesi ambayo watu wengi wasio mafundi huitumia kujifunzia. Jaribio hilo halikuuzwa popote. Miaka kumi ilipita kati ya jaribio hilo na siku ya kufunguliwa kwa studio, mwishoni mwa mwaka 2013. Tunaitaja miaka hiyo kumi kwa makusudi, maana aghalabu watu huiona siku ya ufunguzi na kuisahau miaka ya kungoja.

Jina la studio linatuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili. Waanzilishi wenyewe wameeleza kwamba limetokana na maneno ya Kiswahili "kiroho maono". Mwalimu wa sarufi angewasahihisha, akawaambia waseme "maono ya kiroho". Lakini maana yao inaeleweka. Vijana wa Kameruni, nchi ambayo Kiswahili si lugha yake, walipotafuta jina la kuibebea Afrika nzima walikuja kulichota katika kisima chetu.

Mchezo wao, Aurion: Legacy of the Kori-Odan, unasimulia habari za Enzo Kori-Odan, mwana wa mfalme katika nchi ya Zama, jina ambalo kwa sikio la Mswahili linaleta harufu ya zama za kale. Siku ya kutawazwa kwake, shemeji yake anampindua. Enzo na mkewe Erine wanakwenda uhamishoni, na huko wanaanza safari ndefu ya kutafuta nguvu ya kurudisha haki yao. Nguvu hiyo, ambayo ndiyo Aurion, ni urithi wa mababu. Enzo hawezi kushinda kwa upanga peke yake. Hana budi kuwajua waliomtangulia na kuzipatanisha nguvu walizomwachia. Erine naye si pambo la hadithi, kwani anashiriki vitani na katika mashauri. Kwa hiyo mchezaji hupewa, pamoja na burudani, fikra ambayo wazee wetu waliifundisha kwa methali: mwacha asili ni mtumwa.

Mapambano

Shida ya kwanza ilikuwa ujuzi. Hapakuwa na studio nyingine nchini ambayo vijana hao wangeweza kwenda kujifunza kazi. Wachoraji na waandishi wa programu, wapatao 20, walijifunza mengi wenyewe, kwa kusoma, kwa kujaribu, na kwa kuvunja kazi na kuianza upya.

Shida ya pili ilikuwa umeme. Katika Yaoundé umeme ulikatika mara kwa mara, na kwa fundi wa kompyuta kukatika huko ni sawa na mvua kumwangukia mwashi kabla saruji haijakauka. Kazi ya saa kadhaa huweza kupotea kwa nukta moja.

Shida ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, ilikuwa mtaji. Ni vigumu kumshawishi mwenye fedha aweke rasilimali katika kitu ambacho hajapata kukiona kikitengenezwa nchini mwake. Kiro'o ilichagua njia ambayo Waafrika wa Mashariki tungeiita harambee: iliuza hisa ndogo ndogo kwa watu wengi, badala ya kumtegemea tajiri mmoja. Mwaka 2015 ikafanya mchango mwingine kwa njia ya intaneti katika tovuti ya Kickstarter. Iliomba Euro 40,000, na wachangiaji wa nchi mbalimbali wakavuka kiasi hicho. Wakati huo tovuti hiyo haikuwa na nchi yoyote ya Afrika katika orodha ya nchi ambazo miradi ingeweza kuandikishwa. Hata katika kuomba, basi, Mwafrika alilazimika kupita katika mlango wa mwenzake.

Tarehe 14 Aprili 2016 mchezo ulitolewa kwa wachezaji wa kompyuta duniani kote. Ilikuwa siku ya fahari. Lakini hapo ndipo ilipodhihirika shida ya nne, ambayo ni soko. Mchezo ulitolewa kwa Kifaransa na Kiingereza, katika duka la intaneti la Kimarekani, na kulipiwa kwa kadi za benki. Vijana wengi wa Afrika hawakuwa na kompyuta yenye nguvu ya kutosha, wala hawakuwa na kadi ya kulipia. Hadithi ilitungwa kwa ajili ya Afrika, ila mlango wa kuifikia ulikuwa mbali na Mwafrika mwenyewe.

Studio haikukata tamaa. Iligeukia michezo ya simu, kwa kuwa simu ndiyo chombo kilicho mikononi mwa wengi. Mmoja wa michezo hiyo, Le Responsable Mboa, humweka mchezaji katika kiti cha mtumishi wa umma, akabiliane na vishawishi vya rushwa. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba kampuni moja ya Hollywood inakusudia kuigeuza hadithi ya Aurion kuwa filamu. Mwaka 2022 Kiro'o iliungana na studio nyingine za Afrika, zikiwamo Usiku Games ya Kenya na Khanga Rue ya Tanzania, kuunda umoja wa Pan Africa Gaming Group, ili zisaidiane kutengeneza na kuuza michezo.

Hitimisho

Historia hii inatufundisha nini? Watu wengine wangesema inafundisha kwamba Mwafrika akijitahidi ataweza. Hilo ni kweli, lakini halitoshi. Kiro'o haikuwahi kupungukiwa na urithi. Urithi ulikuwapo tele, tangu mvet hadi songo. Kilichopungua ni nyenzo za kuutengenezea urithi huo na soko la kuuuzia. Tunalijua jambo hili katika pamba na katani. Tulilima, tukauza malighafi, kisha tukanunua shuka. Hadithi zetu nazo zinaweza kuwa malighafi. Zinaweza kuchukuliwa, zikasokotwa ng'ambo, zikarudishwa kwetu kwa bei, nasi tukazishangilia kama kitu kigeni. Kwa sababu hiyo ule umoja wa mwaka 2022 ni jambo kubwa kuliko mchezo mmoja, hata ukiwa mzuri namna gani.

Kwa walimu na wanafunzi ipo kazi isiyohitaji mtaji. Mchezo wa video huanza katika karatasi: hadithi, ramani ya nchi ya kubuni, sura za mashujaa, kanuni za ushindi. Mwanafunzi anayekwenda kwa bibi yake kuandika ngano, au kwa babu yake kujifunza kanuni za bao, anaweka akiba ambayo fundi wa kesho ataihitaji. Madiba alianza na jaribio ambalo halikuuzwa, akangoja miaka kumi. Mashine zitakuja na kuchakaa, na nyingine zitakuja mahali pake. Lakini wazee wakiondoka na ngano zao, hakuna kiwanda kitakachotutengenezea nyingine.