Mario Bava

Mario Bava (1914–1980) alikuwa mpigapicha na mwongozaji wa filamu kutoka Italia. Ndiye mwasisi mkuu wa filamu za kutisha za nchi hiyo na wa utanzu wa giallo, yaani hadithi za upelelezi zilizojaa mauaji ya kikatili.

Maisha

Bava alizaliwa Sanremo. Baba yake, Eugenio, alikuwa mchongaji sanamu aliyehamia kwenye filamu tangu enzi za filamu zisizo na sauti, akawa fundi wa ghiliba za kamera. Mwana alirithi ufundi huo, na kwa miaka mingi akapiga picha za filamu za waongozaji wengine, zikiwemo zile za Hercules. Riccardo Freda alipoiacha I vampiri (1957) njiani, Bava aliimalizia. Hiyo ndiyo filamu ya kwanza ya kutisha ya Italia yenye sauti.

Filamu kuu

La maschera del demonio (1960), iliyotokana na hadithi ya Nikolai Gogol, ilimpa Barbara Steele nafasi mbili: mchawi aliyefufuka na binti wa kifalme anayefanana naye. Uingereza iliizuia hadi 1968. La ragazza che sapeva troppo (1963) na Sei donne per l'assassino (1964) ziliasisi giallo; ya pili ilimleta muuaji aliyeficha uso na kuvaa glavu nyeusi, sura iliyoigwa kwa miaka mingi. I tre volti della paura (1963) ilimshirikisha Boris Karloff, na jina lake la Kiingereza, Black Sabbath, likachukuliwa na bendi maarufu ya roki.

Ufundi

Bajeti zake zilikuwa finyu, na ufinyu huo aliujibu kwa taa, rangi na vioo. Katika I vampiri, mwanamke anazeeka mbele ya macho ya mtazamaji bila picha kukatwa. Siri ni kwamba filamu ya nyeusi na nyeupe haionyeshi rangi: makunyanzi yaliyochorwa kwa rangi hufichwa na taa ya rangi hiyohiyo, na taa ikibadilishwa hujitokeza. Katika Terrore nello spazio (1965), sayari nzima iliundwa kwa miamba michache ya plastiki, ikazidishwa kwa vioo na kufunikwa kwa moshi.

Athari

Mauaji ya mfululizo katika Reazione a catena (1971) yaliwafungulia njia watengenezaji wa filamu za Marekani, hasa Friday the 13th (1980). Dario Argento aliiendeleza giallo, na Bava alimsaidia kwa ghiliba za kamera katika Inferno (1980). Mwana wa Bava, Lamberto, aliongoza Dèmoni (1985).

Watayarishaji hawakumtendea Bava haki sikuzote. Lisa e il diavolo (1973) ilikatwakatwa na kuongezewa matukio ya kupunga pepo ili kufuata soko la The Exorcist. Cani arrabbiati, iliyopigwa picha 1974, ilikwama mtayarishaji alipofilisika, ikaonekana miaka ya 1990, baada ya kifo cha Bava. Hata hivyo, filamu zake zinatosha kumpa Bava nafasi miongoni mwa wasanii wakubwa wa sinema ya Italia, heshima ambayo wahakiki wengi wa nchi yake walimnyima alipokuwa hai.