Wapelelezi wa Tumbo Moja

Juni 1999 nilirudi nyumbani Singida kwa likizo nikiwa na kitabu kimoja cha Kiingereza ndani ya sanduku langu la bati. Hakikuwa na jalada, na kilikuwa kimepita mikono mingi bwenini hata kurasa zake zikawa laini kama kitambaa. Kilikuwa cha Enid Blyton, *Five Run Away Together*. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Mdogo wangu wa kiume alikuwa darasa la tatu na Kiingereza chake kiliishia kwenye kumsalimia mwalimu. Basi kila usiku, koroboi ikishazimwa ili mafuta yasiishe, nilimsimulia kwa Kiswahili sura niliyosoma mchana.

Nilitafsiri nilivyoweza. Kinywaji chao cha tangawizi kikawa Stoney. Kisiwa chao nilikitia katikati ya Ziwa Singidani, maana ndilo ziwa tulilolijua, na ngome yao ya kale nikaifanya yale mawe makubwa yaliyopandana ukingoni, ambayo tulikuwa tunakatazwa kuyapanda. Georgina, yule msichana anayevaa kiume na anayetaka aitwe George, kwa Waingereza ni binamu wa Julian, Dick na Anne. Mdogo wangu hakuliona tatizo lilipo. Mtoto wa baba mdogo si dada? Nikakubali ni dada. Tangu usiku huo wakawa ndugu wanne na mbwa wao.

Katika kitabu hicho mwovu ni mpishi. Mama yake George anaugua, analazwa, na jikoni anabaki Mrs Stick na mumewe na mtoto wao. Watoto wanamshuku tangu siku ya kwanza, na mwandishi anawaunga mkono: mwanamke hana uso wa kucheka, mwanawe ana chunusi, hata mbwa wao ananuka. Mwishoni inabainika kwamba wamemteka mtoto wa watu na kumficha kisiwani.

Wiki tuliyofika kwenye sura hizo ndiyo mayai ya mama yalipoanza kupungua.

Mama alikuwa na kuku wa kienyeji wapatao arobaini. Kuku wa Singida wana jina nchi nzima, na mayai yao madogo alikuwa akiyapanga kwenye trei na kumpa kijana wa stendi ayauzie abiria. Alihesabu kila jioni. Siku moja pungufu mawili, kesho yake moja, siku ya tatu matatu. Hakusema kitu, lakini tulimsikia akihesabu mara ya pili.

Nikafungua daftari. Niliandika majina ya watu wote wanaoingia uani, na mbele ya kila jina saa. Tulipepeta majivu mbele ya banda ili tuone nyayo, na asubuhi tukakuta nyayo za ndala za mtu mmoja tu: dada wa kazi, ambaye kila asubuhi ndiye aliyefungua banda. Halafu nyuma ya ukuta wa chumba alicholala, mahali palipolundikwa magunia ya mashudu ya alizeti, tukaokota maganda. Nilihisi moyo ukidunda hadi masikioni. Hivi ndivyo wanavyohisi wale wa kitabuni, nikajiambia.

Mdogo wangu alilichukua ganda moja akaligeuzageuza. Halikuwa limevunjwa kama yai linavyogongwa kwenye sufuria. Lilikuwa limebanwa kwa urefu likawa kama karatasi iliyokunjwa, vipande vyote vimeshikamana na ule utando wa ndani, na halikuwa na doa la masizi.

"Haya hayajapikwa," akasema.

"Anakula mabichi," nikamjibu.

Alirudia, safari hii kwa sauti zaidi, nami nikamwambia anyamaze, yeye ni mdogo. Jioni nikampelekea mama daftari na maganda. Dada aliitwa. Alikana kwa maneno machache, akatazama daftari langu, akaacha kukana. Kesho yake alifungasha.

Sikumbuki jina lake tulilitumia mara ngapi. Tulimwita dada, kama watoto wengi wa Tanzania wanavyomwita msichana anayewafulia na kuwapikia.

Nimeishi na daftari lile miaka mingi, na kwa sababu yake nimesoma historia ya vitabu hivi kuliko inavyomfaa mtu mzima. Blyton aliandika 21 vya kundi lile la watano, kuanzia 1942, katikati ya vita kuu, hadi 1963. Marekani walishatangulia: mwaka 1927 kampuni ya Edward Stratemeyer ilitoa vitabu vya kwanza vya Hardy Boys, ndugu wawili Frank na Joe, watoto wa mpelelezi. Jina la mwandishi kwenye jalada, Franklin W. Dixon, lilikuwa la kubuni. Vya mwanzo viliandikwa na Mkanada, Leslie McFarlane, aliyelipwa kwa kila kitabu kisha basi. Ilikuwa kazi ya kiwandani, na ilifanikiwa.

Kwa nini ndugu? Mwandishi anayetumia marafiki lazima aeleze wamekutana wapi, nani karuhusiwa kulala kwa nani, na kwa nini hawaachani wakigombana. Ndugu hawahitaji maelezo. Wapo chumba kimoja usiku ule ule taa ya ajabu inapoonekana ng'ambo. Wakigombana, asubuhi wanakula meza moja. Na kwa kuwa wamepishana umri, kila msomaji anapata nafasi ya kukaa: mkubwa anaamua, wa kati anabisha, mdogo anaogopa na ndiye anayejikwaa kwenye mlango wa siri.

Ila mpangilio huo una gharama yake, na gharama hiyo sikuiona nilipokuwa na miaka kumi na mitano. Ukishaichora duara la ndugu, mhalifu lazima atoke nje ya duara, lakini asiwe mbali sana, maana watoto hawana nauli. Anabaki nani? Mtu aliyeingia nyumbani kwa mshahara. Katika kitabu cha pili cha Blyton ni mwalimu aliyeletwa kufundisha wakati wa likizo. Katika cha tatu ni mpishi. Kwingine ni wapita njia na watu wa kuhamahama. Msomaji anafundishwa kuwatambua kwa lafudhi, kwa nguo, kwa harufu ya mbwa.

Kwa Kiswahili hatukuwa na kitu kama hicho, na hilo nalo lina historia. Hadithi yetu ya upelelezi iliingia mlango mwingine. Mwaka 1957 na 1958 East African Literature Bureau, shirika la uchapishaji la serikali ya kikoloni lililoanzishwa 1948, liliendesha shindano la kuandika hadithi, na mshindi akawa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar na *Mzimu wa Watu wa Kale*, iliyochapishwa 1960. Bwana Msa wake, mwenye kiko na subira, ana undugu wa wazi na Sherlock Holmes, na ana rafiki wa kumshangaa, Najum. Watu wakisema mzimu umeua, Bwana Msa anauliza maswali. Baadaye, 1965, akaja Faraji Katalambulla na *Simu ya Kifo*, kisha Elvis Musiba na Willy Gamba wake, kisha Ben Mtobwa na Joram Kiango. Wote ni wanaume wazima, na ndugu zao hatuwaoni wakiingia nao kazini. Wa Musiba na Mtobwa hata usingizi hawana, sembuse shangazi.

Watoto walipewa vitabu vingine. Shuleni tulikuwa na *Tujifunze Lugha Yetu*; na tangu 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, ulisaidia hadithi nyingi za Kiswahili kuchapishwa na kufika shuleni. Nyingi nilizosoma zilikuwa za mtoto anayejifunza kutii. Mtoto anayewashuku wakubwa, akawafuata usiku na akawa sahihi, ni bidhaa ngumu kuuza kwa mwalimu mkuu.

Lakini mtoto huyo alikuwepo. Nilimsikia mwaka ule ule, wiki ya mwisho ya likizo, tulipopelekwa kwa bibi yetu mzaa mama, upande wa Ikungi.

Hadithi yenyewe inajulikana karibu nchi nzima, kila kabila na namna yake. Msichana anakataa wachumba wote wa kijijini, anaolewa na mgeni mzuri wa sura asiyejulikana kwao. Mdogo wake, mwenye vidonda mwili mzima, anataka kumsindikiza. Dada anamfukuza kwa aibu, naye anafuata kwa mbali, akijificha. Usiku wa kwanza ugenini yeye halali. Anasikia shemeji akinoa kisu na kuuliza kama wamelala. Kila akiuliza, mtoto anajibu kwa kisingizio: kunguni, kiu, vidonda vinauma. Mchana anamwambia dada yake mume ni zimwi, dada hasadiki. Basi anamfunga kamba kidoleni na kuivuta usiku, ili aamke asikie mwenyewe. Kisha wanatoroka.

Bibi aliisimulia kwa Kinyaturu huku akipekecha mlenda, na mimi, msomaji wa Blyton, nikakaa kitako. Kufuata kwa siri, kukesha, mahojiano, ushahidi wa kusikia kwa sikio lako: kila kitu kilikuwemo. Tena huyu mdogo hakuwa na daftari. Hakumpeleka mtu kwa mkubwa yeyote. Alichotaka ni kumrudisha dada yake nyumbani, na kilichomchukua muda mrefu zaidi kilikuwa kumfanya dada amsikilize.

Mdogo wangu hakunitazama wakati hadithi inaendelea. Nami sikumtazama.

Bibi hakuishia hapo, kwa sababu tulimwuliza kama mazimwi yapo. Akasema alipokuwa mtoto waliambiwa wasiende kisimani mmoja mmoja, na aliyewatisha hakuwa zimwi. Alikuwa simba, au mtu.

Nilipofika chuo ndipo nilipojua alikuwa anazungumzia nini. Mwaka 1946 na 1947 watu waliuawa katika wilaya ya Singida, miili ikiwa na majeraha kama ya kucha, na serikali ya Waingereza ikaamua kwamba wengi wao hawakuuawa na wanyama. Ilisemwa kuna watu wanaovaa ngozi za simba na kuua kwa malipo. Ilisemwa pia kuna watoto walionunuliwa wakafugwa gizani wawe kama wanyama. Polisi waliletwa. Watu walikamatwa, wakashitakiwa, na wengine wakanyongwa. Katika magazeti ya Ulaya ikawa habari tamu ya kutisha. Mwaka 1962 mwanaanthropolojia Mmarekani, Harold Schneider, aliyekuwa ameishi kati ya Wanyaturu akiwachunguza, alichapisha makala katika *Tanganyika Notes and Records* akiitazama upya kesi nzima. Niliisoma kwa siku mbili maktabani, polepole. Sikuwa natafuta muuaji ni nani. Nilikuwa nawatafuta waliokamatwa: ni akina nani, waliishi nyumba ya nani, na nani alikuwa wa kwanza kuwataja. Simba wa kweli wapo Singida hadi leo, na miaka ile walikuwa wengi zaidi. Majeraha ya kucha yanaweza kuwa majeraha ya kucha.

Barua ya mdogo wangu ilinifikia shuleni Agosti ile ile, kwa penseli, kurasa mbili za daftari la hesabu. Mafundi walikuja kubomoa banda la kuku lijengwe upya. Chini ya tofali la pembeni wakakuta nyoka mwembamba wa kahawia mwenye mabaka, shingo imevimba duara kama ngumi. Kabla hawajampiga, mzee jirani aliwazuia. Nyoka huyu, akasema, hana sumu wala meno ya maana. Kazi yake ni mayai tu. Analimeza zima, analivunja ndani kwa mifupa ya shingo, anakunywa, kisha anatapika ganda. Wakasimama wakamngoja. Mdogo wangu alichora alichokiona kikitoka: kitu kirefu, kilichobanwa, mfano wa karatasi iliyokunjwa. Chini ya mchoro hakuandika neno lolote.

Mama alimtuma mtu kijijini kwa akina dada. Akaambiwa ameshaenda Mwanza.

Nilikutana naye mara moja, 2014, stendi ya Misuna, nikisubiri basi la Dodoma. Alikuwa na duka dogo la mafuta ya alizeti, madumu yamepangwa kwa ukubwa. Yeye ndiye aliyenitambua. Nilisema nilichokuwa nimejiandaa kusema miaka kumi na mitano, nikakisema vibaya, kwa haraka, kondakta akiita. Alinisikiliza huku akifuta dumu kwa kitambaa. Kuhusu nyoka alikuwa ameshasikia.

"Na yule mdogo wako?" akauliza. "Yule aliyesema hayajapikwa. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta."