Nyuzi Tano za Keith Richards: Televisheni na Urithi wa Gitaa

Mashabiki wa Rolling Stones wana desturi ambayo wengi huiona kuwa ushabiki uliopitiliza. Huirudia picha ileile ya televisheni mara kadhaa, macho yakiwa kwenye mkono wa kushoto wa mpiga gitaa Keith Richards, si kwenye uso wa mwimbaji Mick Jagger. Huhesabu nyuzi za gitaa, huchunguza kidole kimesimama wapi, kisha hubishana kuhusu tyuni aliyotumia, yaani mpangilio wa sauti za nyuzi. Makala haya yanaitetea desturi hiyo. Picha hizo zimehifadhi elimu ambayo santuri peke yake haikuweza kuihifadhi, na anayezitazama kwa makini haishii kumsifu mtu mmoja. Hufikishwa kwa waliomtangulia, mpaka Afrika Magharibi.

Gitaa la kawaida, kuanzia uzi mnene hadi mwembamba, hutyuniwa E, A, D, G, B, E. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, Richards amepiga nyimbo zake nyingi maarufu kwa tyuni ya G ya wazi, yaani D, G, D, G, B, D. Baadaye akauondoa kabisa uzi mnene wa sita, zikabaki tano. Nyuzi hizo zikipigwa bila kubonyezwa popote, hulia kodi kamili ya G, yaani noti zinazopatana zikilia pamoja. Kidole cha shahada kikilazwa juu ya nyuzi zote kwenye freti ya tano, inapatikana kodi ya C. Vidole viwili vinavyokifuata vikibonyeza, kimoja uzi wa pili freti ya sita na kingine uzi wa nne freti ya saba, tukihesabu kuanzia uzi mwembamba, kodi inageuka F. Vikiinuliwa, C inarudi. Mwendo huo ndio unaosikika mwanzoni mwa "Start Me Up" ya 1981. Mpigaji aliyezoea tyuni ya kawaida anaweza kuusikiliza wimbo huo miaka mingi, akazipata noti zote, na bado mlio wake ukamkwepa. Akimwona Richards kwenye skrini, fumbo linafumbuka: kidole cha shahada kimetulia, viwili vinashuka na kupanda, na uzi wa sita haupo.

Richards mwenyewe hadai kuwa aliibuni tyuni hiyo. Katika kitabu chake cha maisha, Life, kilichotoka 2010, anakiri deni lake kwa Ry Cooder, mpiga gitaa Mmarekani aliyefanya kazi na Rolling Stones mwaka 1968 na 1969, na anamtaja pia mwanamuziki Don Everly. Kabla yao, wapigaji wa blues wa Mississippi waliitumia kwa miongo kadhaa wakiiita tyuni ya Kihispania. Muddy Waters alirekodi nayo "I Can't Be Satisfied" mwaka 1948. Nyuma zaidi ipo banjo ya nyuzi tano, ambayo tyuni yake iliyozoeleka zaidi ina noti hizohizo: G, D, G, B, D. Banjo nayo ilizaliwa mikononi mwa Waafrika waliopelekwa utumwani ng'ambo ya Atlantiki. Hans Sloane, tabibu mzaliwa wa Ireland, aliona ala za aina hiyo Jamaika katika miaka ya 1680, na mchoro wa ala hizo ukachapishwa 1707. Akonting ya Wajola wa Senegal na Gambia ina uzi mfupi unaopigwa kwa dole gumba, mtindo uleule wa banjo. Haimaanishi kwamba noti tano zilivuka bahari zikiwa zimeshapangwa, kwa kuwa tyuni ya leo ilikomaa Marekani. Kilichovuka ni namna ya kupiga: uzi mmoja unashikilia sauti isiyobadilika huku nyingine zikitembea juu yake.

Wapo watakaosema kwamba televisheni ni shahidi mbaya, kwa sababu wanamuziki wengi waliigiza tu mbele ya kamera huku sauti ikitoka kwenye kanda. Ni kweli, na video ya "Start Me Up" ni mfano mmojawapo. Lakini mkono uliopiga wimbo kwa mazoea hauachi mazoea yake kwa kuwa kipaza sauti kimezimwa, na gitaa lenye nyuzi tano halioti wa sita kwa ajili ya maigizo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kumtukuza Mwingereza mmoja kunawafuta Wamarekani Weusi waliomtangulia. Hatari hiyo ipo, na biashara ya muziki ina historia ndefu ya kuwapunja. Hata hivyo, televisheni hiyohiyo ina ushahidi wa upande wa pili. Mei 1965, Rolling Stones walipoalikwa kwenye kipindi cha Shindig! nchini Marekani, walisisitiza Howlin' Wolf, mwanamuziki Mmarekani Mweusi wa blues, naye aalikwe. Alipoimba, vijana hao walikaa karibu na miguu yake wakimsikiliza. Shabiki anayemfuata Richards kwa uaminifu atafika hapo, na hapo ataoneshwa mwalimu ni nani.

Yapo pia maneno kwamba tyuni haimfanyi mtu kuwa mwanamuziki. Nakubali. Cooder aliitumia kwa slaidi, Richards akaipeleka kwenye ridhimu. Noti ni zilezile, muziki ni tofauti. Lakini hicho ndicho kinachoipa picha thamani, kwa kuwa tofauti hiyo imo mkononi. Mfikirie mpigaji wa blues Robert Johnson, aliyerekodi nyimbo 29 mwaka 1936 na 1937 na kufariki 1938. Hakuna filamu yake inayojulikana, na mpaka leo wajuzi hujadili tyuni zake kwa kutega sikio tu. Kwa upande wake BBC, iliyokuwa na kamera, ilifuta kanda nyingi za kipindi cha muziki cha Top of the Pops za miaka ya 1960 ili zirekodiwe upya, ikiamini ni burudani iliyokwisha muda wake. Wanaokodolea macho vidole vya Richards wameelewa walichokosa kuelewa wakubwa wa BBC: namna ya kupiga ala ni urithi, na kila kanda inayouonesha inastahili kutunzwa kama hati ya historia, yaani kwa jina la mpigaji, tarehe, na majina ya waliomfundisha.